Kutia Rangi Solo ya Bluzi: Noti Moja, Freti Moja

Wapiga gitaa wengi tunaingia kwenye bluzi kwa mlango mmoja: skeli ya pentatoniki ya maina, freti ya 5 (freti ni vile vipande vya chuma kwenye shingo ya gitaa), ufunguo wa A. Noti ni tano tu na zote zinakubali. Unaweza kucharaza usiku kucha usiharibu kitu. Nilikaa humo miaka mingi, hadi mpiga besi niliyekuwa nafanya naye mazoezi aliponiambia, "Kaka, unapiga vizuri, lakini nikinyamaza mimi hakuna atakayejua kordi imebadilika." Akanyamaza kweli. Nikapiga peke yangu, na nilipofika katikati sikujua tena niko wapi kwenye mzunguko.

Maneno yale yalibadilisha upigaji wangu kuliko skeli yoyote niliyowahi kujifunza. Rangi kwenye solo huja ukijua ni kordi gani (noti kadhaa zinazolia pamoja) iko chini yako sasa hivi, ukagusa noti inayoitambulisha. Mara nyingi noti hiyo iko freti moja tu kutoka pale kidole kilipo tayari.

Katika mwongozo huu naandika uzi kwanza, freti baadaye. Kwa hiyo 3-6 ni uzi wa tatu, freti ya 6. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba kabisa.

Hatua ya 1: Weka msingi

Mzunguko wetu ni wa vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. Vinne vya kwanza ni A7, viwili D7, viwili A7, kisha kimoja E7, kimoja D7, kimoja A7, na cha mwisho E7 ya kukurudisha mwanzo. Jirekodi kwa simu ukipiga ridhimu hiyo, mapigo 70 kwa dakika, mizunguko mitano au sita mfululizo. Ipige mwenyewe, usichukue ya mtu. Mkono uliopiga ridhimu huwa unakumbuka kordi inakuja lini, hata kabla sikio halijashtuka.

Sasa chukua karatasi uandike noti za kila kordi (alama # ina maana noti imepanda freti moja):

A7: A, C#, E, G
D7: D, F#, A, C
E7: E, G#, B, D

Chini yake andika pentatoniki yetu: A, C, D, E, G. Linganisha taratibu. C# haimo. F# haimo. G# haimo. Hizo ndizo noti za tatu za kordi zote tatu (hesabu herufi kuanzia jina la kordi: A, B, C), zile zinazoipa kordi sura yake ya umeja, kinyume cha maina, na skeli tunayoitegemea haina hata moja! Ndiyo maana solo ya pentatoniki tupu inaelea juu ya kordi bila kuzigusa.

Hatua ya 2: Ingiza C# juu ya A7

Gonga 3-5 (C), na uzi ukiwa bado unalia, dondosha kidole cha pili kwenye 3-6 (C#). Malizia kwa 1-5 (A). Rudia kwenye vipimo vinne vya kwanza, ukibadilisha mahali pa kuanzia: mara pigo la kwanza, mara la pili, mara katikati ya mapigo.

Ukizoea, usifike C# kila mara. Bonyeza 3-5 uvute uzi kidogo tu, hadi sauti ikae kati ya C na C#. Bluzi ilianza kwenye koo la mwimbaji, na koo halina freti. Mpiga piano hana namna ya kuupata mwanya huo, ndiyo maana hugonga vibonye viwili vilivyokaribiana kwa pamoja ili aukaribie. Sisi wa gitaa tunao mkononi. Uvute polepole, na usikilize pale unapoanza kuuma. Hapo simama.

Hatua ya 3: Kipimo cha tano

Ukipata muda wa hatua moja tu, chukua hii.

Kordi inapotoka A7 kwenda D7, C# inashuka na kuwa C, yaani 3-6 inarudi 3-5. Wakati huohuo G inashuka na kuwa F#, yaani 2-8 inarudi 2-7. Ile C tuliyozoea kuipiga popote sasa ina kazi maalumu: ni noti ya saba ya D7. Na F# ni noti yake ya tatu.

Jaribu kifungu hiki katika kipimo cha nne: pigo la kwanza 2-5, la pili 3-5 ikigongwa hadi 3-6, la tatu 1-5, la nne 2-8. Kisha, kipimo cha tano kinapofunguka, shuka 2-7 uiache ilie kwa mapigo matatu. Usiitikise mwanzoni. Iache tupu kwanza, uitikise ikikaribia kufa. Utasikia kordi ikigeuka ndani ya kidole chako, hata rekodi ikiwa imezimwa.

Tahadhari moja: usiitue C# juu ya D7. Inagombana na C iliyomo ndani ya kordi, na msikilizaji ataona kama umechelewa kuhama. Kuipitia haraka si kosa, ila kukaa juu yake kunaharibu.

Hatua ya 4: Nyuzi mbili kwa pamoja

Noti ya tatu na ya saba zikilia pamoja, kordi nzima inasikika. Piga 3-6 na 2-8 pamoja: hiyo ni A7. Sogeza umbo lilelile freti moja nyuma, 3-5 na 2-7: hiyo ni D7. Lirudishe, kisha lisogeze freti moja mbele ya pale pa A7, yaani 3-7 na 2-9: hiyo ni E7. Kordi tatu za bluzi, umbo moja, vidole viwili.

Piga mizunguko miwili mizima kwa umbo hilo tu, ukijibizana na ridhimu kwa mapigo mafupi. Inachosha kidogo, lakini usiiruke. Mkono ukishajua umbo linaenda wapi, noti mojamoja zitalifuata.

Hatua ya 5: Ya sita na ya tisa

Hizi hazitambulishi kordi, ila zinaipa utamu. Juu ya A7, noti ya sita ni F# (2-7) na ya tisa ni B (1-7). T-Bone Walker, mzaliwa wa Texas mwaka 1910, alizipenda sana kordi za tisa, na ladha hiyo iliingia kwa waliomfuata. B.B. King, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1925, alijenga nyumba yake juu zaidi kwenye shingo ya gitaa. Kwenye ufunguo wa A, msingi wake, yaani noti A, unakuwa 2-10, ya sita iko 3-11, ya tisa iko 2-12. Shika 2-12, vuta uzi toni nzima (sawa na freti mbili) hadi usikie C#, uushushe, umalize 2-10. Noti ni chache, na zinatosha.

Ninavyosikia mimi, F# juu ya A7 inachangamsha na C inahuzunisha. Ziweke katika sentensi moja: uliza kwa F#, jibu kwa C iliyovutwa. Ukipiga tamu mzunguko mzima, bluzi inapotea.

Hatua ya 6: E7

Hapa G# iko karibu kuliko unavyodhani. Kwenye umbo la freti ya 5, G ni 4-5, basi G# ni 4-6. Kipimo cha tisa kikifika, telezesha 4-5 hadi 4-6. Kipimo cha kumi ni D7, kwa hiyo shuka 4-4, ambayo ni F#. Cha kumi na moja, panda 4-7, uko nyumbani kwenye A. Noti tatu, kordi tatu, uzi mmoja.

Hatua ya 7: Viungo vikali

Hivi vitumie kidogo, na baada tu ya mkono kuzoea yaliyotangulia.

Cha kwanza ni F juu ya A7, mwishoni mwa kipimo cha nne. Iko 2-6. Inawasha kabisa, na ndiyo faida yake: ikipanda freti moja hadi F# kwenye kipimo cha tano, msikilizaji anapumua. Usiipige kama huna uhakika wa kufika 2-7 kwa wakati, kwa sababu F isiyotua inasikika kama kosa.

Cha pili ni D# katika kipimo cha sita. Wapiga ridhimu wengi hapo huigeuza D7 kwa kupandisha noti yake ya chini nusu toni, inabaki D#, F#, A, C. Unaweza kuigusa D# hata kama mwenzako amebaki kwenye D7, mradi uipitishe haraka: 5-5, 5-6, kisha 5-7, ambayo ni E, ikitua A7 inaporudi katika kipimo cha saba.

Hatua ya 8: Jaribio la ukimya

Zima rekodi. Washa metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, peke yake, mapigo 70, upige mzunguko mmoja wa solo bila msaada wowote. Mwombe mwenzako anayeijua bluzi akae amekupa mgongo, aseme "sasa" kila anaposikia kordi imebadilika. Kama hakuna mtu, jirekodi uisikilize kesho yake, sikio likiwa limesahau.

Anatakiwa kusema "sasa" kwenye kipimo cha 5, 7, 9, 10, 11 na 12. Akikosa cha 9, rudi hatua ya 6. Akikosa cha 5, rudi hatua ya 3 ukae nayo siku mbili. Akivipata vyote sita, ongeza tatu kwenye kila namba ya freti uliyoisoma hapa, uko kwenye C, uanze tena.