Kusoma kozi za bure mtandaoni mpaka swali lako lipate jibu

Kozi nyingi za bure huachwa njiani, na kosa mara nyingi hufanyika kabla ya somo la kwanza. Mtu hujiandikisha kwenye "uchumi" au "afya" bila kuwa na jambo mahususi analotaka kulijua. Anza na swali. Liandike kwa sentensi moja, kwa maneno uliyonayo leo. "Nataka kuelewa mambo ya fedha" bado si swali. "Kwa nini mikopo miwili yenye riba ya 2% kwa mwezi hailingani malipo?" ni swali, kwa sababu utajua siku umelijibu.

Pa kutafuta

Kwa maswali ya kila siku, OpenLearn ya The Open University, chuo cha Uingereza, ndiyo ya kuanzia. Iko hewani tangu 2006, kozi zake ni bure, na kila moja huonyesha saa inazochukua na kiwango chake. MIT OpenCourseWare, masomo ya bure ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani, haihitaji hata kujiandikisha: utakuta muhtasari wa mihadhara, maswali ya mazoezi na mitihani iliyopita. Ila masomo hayo yametungwa kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kama hesabu zako zina kutu, utakwama mapema, na utadhani huna akili ya sayansi kumbe umekosa aljebra tu. Pita kwanza Khan Academy, tovuti ya bure ya masomo ya shule kama hesabu, jaza pengo hilo, kisha urudi.

Kabla ya kubofya kitufe cha kujiunga, kagua mambo matatu: saa zinazohitajika, tarehe ambayo kozi ilisahihishwa mara ya mwisho, na maana ya neno "bure" hapo. Kwenye edX, jukwaa la kozi za vyuo vikuu mbalimbali, kwa mfano, njia ya bure kwa kawaida ina ukomo wa muda, na kazi za kusahihishwa huweza kufungwa kwa asiyelipa. Cheti hulipiwa. Ukishaona tarehe ya ukomo, pakua mapema unachoruhusiwa kupakua. Ukiombwa namba ya kadi ya benki kwa ajili ya "majaribio ya bure", soma siku ambayo makato yataanza; watu wengi hulipia kozi waliyokwisha kuisahau.

Hesabu muda kwa ukweli. Kozi ya saa 8 ni dakika 480. Ukisoma dakika 40 mara nne kwa wiki, utaimaliza kwa wiki tatu, na wiki ya nne ni ya kurudia. Ukipanga kusoma saa tatu kila Jumapili, Jumapili moja ikivurugika umepoteza wiki nzima.

Bando nalo lina hesabu yake. Video ya ubora wa picha wa 1080p hula data mara kadhaa zaidi ya 360p, na kwa mhadhara wa mtu anayezungumza 360p inatosha. Panda 480p pale tu maandishi ya ubaoni hayasomeki. Penye maandishi ya maneno yanayosemwa kwenye video, yasome kwanza: ni mepesi kupakua, na huenda ukagundua ni dakika chache tu za video unazozihitaji. Kozi nyingi za OpenLearn hupakuliwa pia kama PDF.

Namna ya kusoma

Hapa ndipo pa kutia nguvu. Soma sehemu moja, funga ukurasa, kisha andika kutoka kichwani sentensi tatu au nne za ulichoelewa. Fungua tena na usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Rudia kesho yake, halafu baada ya wiki. Kusoma upya mara tatu huonekana rahisi zaidi, na urahisi huo ndio unaodanganya: maneno yanazoeleka machoni, nawe unadhani umeyashika. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha njia hizo mbili. Baada ya dakika 5, waliosoma upya walikumbuka zaidi. Baada ya wiki, waliojipima kwa kukumbuka ndio waliokuwa mbele.

Kwa mambo ya fedha, usikubali maelezo mpaka umepiga hesabu mwenyewe. Chukua mkopo wa 120,000 wa miezi 12, kwa sarafu yoyote, riba 2% kwa mwezi. Riba ikitozwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, ni 2,400 kila mwezi, jumla 28,800. Ikitozwa juu ya salio, huku ukirejesha 10,000 za mkopo kila mwezi, mwezi wa kwanza unalipa riba 2,400, wa pili 2,200, mpaka wa mwisho 200. Jumla ni 15,600. Asilimia ni ileile, lakini gharama inakaribia kuwa maradufu. Aliyeandika safu hizo 12 kwa mkono wake atauliza riba inatozwa juu ya nini kabla ya kusaini.

Kwa afya, kila ukisoma kwamba kitu "kinapunguza hatari kwa nusu", uliza: nusu ya ngapi? Kutoka watu 2 kati ya 1,000 hadi 1 ni nusu. Kutoka 200 hadi 100 ni nusu pia, ila uzito wake ni mwingine kabisa. Linganisha maelezo ya kozi na kurasa za Shirika la Afya Duniani au muhtasari wa lugha nyepesi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, na utazame tarehe. Kozi hukusaidia kumwelewa daktari na kumuuliza vizuri. Dozi usiibadilishe kwa sababu yake.

Kwa maswali ya jamii, tenganisha takwimu na tafsiri yake. Andika nani alihesabu, alihesabu watu gani, na mwaka gani. Mhadhara usiojibu hata moja kati ya hayo ni maoni, uusome hivyo.

Swali likipata jibu, una haki ya kuacha kozi katikati. Andika ukurasa mmoja: swali, jibu, hesabu au ushahidi, tarehe, na jambo ambalo bado halijaeleweka. Hilo la mwisho ndilo litakalokuchagulia kozi inayofuata.