Kosa la Zamani na Kazi Mpya: Namna ya Kujiandaa Kabla Mwajiri Hajachunguza Rekodi Yako

Mtu aliyetiwa hatiani miaka mingi iliyopita, akamaliza adhabu yake na kuishi bila kosa jingine, mara nyingi hujikuta ameshika kalamu juu ya fomu ya kuomba kazi asijue aandike nini. Hofu hiyo huwafanya wengine waziache kazi ambazo wangezipata, na wengine waandike uongo ambao baadaye huwagharimu kuliko kosa lenyewe. Kwa hiyo, kabla hujaigusa fomu, yakupasa ujue mambo mawili kwa uhakika: rekodi yako inasema nini, na sheria ya mahali unapoomba kazi inamruhusu mwajiri kuuliza nini.

Anza kwa kuomba nakala ya rekodi yako polisi au katika idara inayotunza kumbukumbu za jinai, na ikiwezekana uchukue pia nakala ya hukumu kutoka masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi. Usitegemee kumbukumbu ya kichwani. Wapo waliokamatwa, wakahojiwa na kuachiliwa bila kushtakiwa, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakijieleza kana kwamba walifungwa. Wapo pia waliolipa faini mahakamani wakidhani jambo limekwishia pale, kumbe faini ile ilitokana na kutiwa hatiani, na hatia hiyo imo kwenye rekodi hadi leo.

Ukishaipata nakala, tazama kwa makini sehemu inayoonyesha kesi iliishaje. Rekodi yenye tarehe ya kukamatwa na jina la kosa, huku sehemu ya matokeo ikiwa tupu, humwachia msomaji ajaze mwenyewe, na ni nadra ajaze kwa wema. Kama uliachiwa huru au shtaka lilifutwa, wasilisha hati ya mahakama inayothibitisha hivyo na uombe kwa maandishi rekodi isahihishwe. Kagua pia tarehe ya kuzaliwa na mpangilio wa majina, kwa sababu watu wenye majina yanayofanana huchanganywa, hasa pale uchunguzi unapofanywa kwa kutafuta jina tu bila kulinganisha alama za vidole.

Umri wa kosa hauna uzito ule ule katika kila nchi. Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 inayolihesabu kosa kuwa limepitwa na wakati baada ya muda fulani. Kwa England na Wales, kufuatia mabadiliko yaliyoanza kutumika Oktoba 2023, kifungo kisichozidi mwaka 1 hupitwa miezi 12 baada ya adhabu kumalizika, mradi mhusika hakutiwa hatiani tena katika kipindi hicho, na kuanzia hapo anayeomba kazi ya kawaida halazimiki kukitaja hata akiulizwa. New Zealand, kwa sheria ya mwaka 2004, huificha rekodi ya mtu aliyekaa miaka 7 bila kutiwa hatiani na ambaye hajawahi kuhukumiwa kifungo, pamoja na masharti mengine machache. Marekani ni kugumu zaidi: sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 huzizuia kampuni za uchunguzi, kwa kazi nyingi, kuripoti tukio la kukamatwa lisilozaa hatia likishapita miaka 7, lakini haiweki ukomo kwa hatia yenyewe, ingawa baadhi ya majimbo yamejiwekea ukomo wake.

Kazi za kulea watoto, kuhudumia wagonjwa au kulinda usalama huwa na kanuni zake. Huko uchunguzi huenda kwa kina zaidi, na hata kosa lililopitwa linaweza kuonekana.

Sasa isome fomu neno kwa neno. “Umewahi kukamatwa?” si sawa na “Umewahi kutiwa hatiani?”, na yote mawili si sawa na “Je, una hatia ambayo bado haijapitwa na wakati?” Jibu swali lililoulizwa, kwa ukweli, bila kuongeza lisiloulizwa. Sipendekezi kamwe kudanganya pale ambapo sheria inakutaka useme, kwa kuwa uongo ukigundulika hata baada ya miaka unaweza kukuachisha kazi uliyoifanya vizuri.

Ukilazimika kueleza, andaa maelezo mafupi mapema, na yatoe kabla ya ripoti kumfikia mwajiri, ili alisikie jambo hilo kwako kwanza. Yanaweza kuwa hivi: “Mwaka 2009 nilitiwa hatiani kwa wizi nikafungwa miezi minane. Nilikosa, na adhabu niliimaliza. Tangu hapo sijashtakiwa tena, na kwa miaka sita nimetunza ghala la mwajiri wangu wa sasa, ambaye yuko tayari kunishuhudia.” Angalia kwamba kosa limetajwa kwa jina lake, hakuna aliyelaumiwa, na sehemu kubwa inazungumzia kazi.

Mwajiri akikukataa kwa sababu ya ripoti, omba nakala yake. Nchini Marekani, anayetumia ripoti ya kampuni ya uchunguzi anapaswa kukupa nakala kabla hajafanya uamuzi wa mwisho dhidi yako, na ukilalamikia kosa lililomo, kampuni hiyo kwa kawaida ina siku 30 za kulichunguza upya. Na kama mahakama imewahi kuamuru rekodi yako ifutwe au ifungwe, itunze nakala ya amri hiyo maisha yako yote, kwa sababu kampuni binafsi inaweza kuwa bado inatumia taarifa ilizozikusanya kabla ya amri kutolewa, na karatasi hiyo yenye muhuri ndiyo utakayowapelekea waiondoe.