Kabla hujaanza kutegemea maktaba na kompyuta za chuo, pita hapa kwanza

Wadogo zangu mnaoripoti chuo, najua kila mtu keshawaambia kuhusu godoro, ndoo na boom (ile hela ya mkopo) likichelewa. Sawa. Mimi naongelea maktaba na kompyuta, mana huko ndo watu wanalia mwaka wa tatu, tena kimyakimya, kwa sababu hakuna wa kumlaumu. Nililia mimi mwenyewe, ntawasimulia.

Kitambulisho kwanza. Bila hicho mlangoni hupiti. Na usimwazime mtu, akichukua kitabu kwa jina lako akakipoteza deni ni lako, na siku ya kusainisha fomu za kuondoka chuo maktaba wanakusubiri pale na jina lako, cheti hukioni.

Begi linabaki nje au kaunta. Hela, simu na laptopu ingia navyo. Usibishe.

Nunua ekstensheni ndogo. Msimu wa UE, yaani mitihani ya mwisho wa semista, meza yenye soketi inagombaniwa kama siti ya daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, ila ukifika na ekstensheni hata uliyemkuta anakukaribisha, anajua na yeye atachomeka.

Alafu usidanganywe na ukubwa wa jengo. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyofunguliwa 2018 inakaa watu 2,100 kwa mara moja, ukiisikia unasema hapo nafasi haikosi, ila wiki moja kabla ya UE wanafunzi wote wanakumbuka kwa pamoja kwamba maktaba ipo. Ndo mana vimbweta, zile meza na viti vya zege vya nje, havijawahi kukosa watu. Tafuta kimbweta chako mapema, chenye kivuli saa nane mchana na taa usiku, na ujipake dawa ya mbu.

Vitabu vya akiba maalumu, vile ambavyo mwalimu ametaja na darasa zima linavitaka na nakala zipo mbili, vinatolewa kwa masaa tu na haviondoki maktaba. Nenda mlango ukifunguliwa. Na ukitafuta kitabu kwenye katalogi nakili namba yote mpaka zile herufi za mwisho, watu wanaandika nusu alafu wanazunguka rafu nusu saa wanasema hakuna kitabu, kumbe kipo usawa wa magoti yao.

Sasa majarida ya mtandaoni. Hapa wengi wanamaliza chuo hawajui walichokuwa nacho. Unatafuta makala ukiwa geto kwa bando lako, inakwambia lipa kwa dola, unafunga unarudi kwenye madesa, zile notsi za kurithi, ya 2011. Makala hiyohiyo ukiifungua kwa mtandao wa chuo mara nyingi inafunguka yote, kwa sababu mchapishaji anaitambua anwani ya intaneti ya chuo chako na anajua chuo kimelipia, au kimeingia kupitia umoja wa maktaba za vyuo unaoitwa COTUL. Kuna pia Research4Life, mpango wa nchi kama zetu: ndani yake kuna Hinari ya mambo ya afya, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Chuo kikiwa kimejisajili pasiwedi inakuwa kwa mkutubi. Nenda kamuulize wiki ya kwanza, ana muda na atafurahi mtu kamuuliza kitu kingine zaidi ya choo kiko wapi. Muulize pia unaingiaje ukiwa nje ya chuo, vyuo vingi wana njia ya kukuingiza kwa akaunti yako. Yale mafunzo ya maktaba ya mwaka wa kwanza ambayo darasa la watu mia tatu wanaenda kumi, nenda uwe wa kumi na moja.

Kama chuo chako kina eduroam, ile Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, iseti kwenye simu ukiwa palepale chuoni, jina liandike lote pamoja na kile kipande cha baada ya @, wengi wanakiacha alafu wanasema mtandao mbovu. Ikikubali hapo, ukienda chuo kingine chenye eduroam simu inashika yenyewe.

Haya, tufike kwenye kilichonikuta.

Mwaka wa tatu, semista ya pili, laptopu yangu ikafa. Fundi akasema madabodi, bei aliyonitajia nikacheka tu nikaondoka. Flashi nilikuwa nayo ila nilikuwa nimeisusa, mana niliichomeka steshenari moja nje ya geti ikarudi mafaili yote yamegeuka shotikati, hakifunguki kitu. Kwaiyo nikahamia kompyuta za maktaba. Nilipata ya dirishani, kila siku nawahi naikaa ileile, mpaka wenzangu wakawa wanasema kompyuta ya mwenyewe. Nikaingiza dodoso zangu sitini na kitu kwenye SPSS, programu ya takwimu, nikaandika sura ya nne ya utafiti wangu karibu yote, kila kitu nimekiweka kwenye folda palepale kwenye skrini, na folda nikaipa jina TAFADHALI USIFUTE. Nilijiona mjanja kweli. Nilichokuwa naogopa ni mwanafunzi mwenzangu kunifutia.

Jumatatu kipo. Jumanne kipo. Jumatano kipo, nimeongeza kurasa sita. Alhamisi saa nne asubuhi umeme ukakatika, jenereta ikachukua kama dakika mbili, kompyuta zikawaka. Nikakaa nimetulia tuli, nasubiri. Skrini ikaja na ile picha ya milima, ikoni tano, basi. Safi kama siku imetoka kwenye boksi. Nikatafuta kwenye kapu la takataka, hamna. Nikafungua Word nikitegemea itaniletea lile faili la kuokoa, hamna, mana na lenyewe linahifadhiwa kwenye diski ileile iliyojirudisha nyuma.

Nikaenda kwa kaka wa TEHAMA. Hata hakuinuka. Akaniambia, "Dogo, ukiona kadubu keupe pale chini kulia karibu na saa, usihifadhi kitu humo." Nikarudi kuangalia. Kadubu kapo. Miaka mitatu nakaona, nilidhani ni antivairasi. Kumbe ni programu inaitwa Deep Freeze, inawekwa kwenye kompyuta za watu wengi ili kila zikizimwa na kuwashwa zirudi zilivyokuwa, virusi viondoke, michezo iondoke, na sura yako ya nne iondoke pia. Siku tatu zile kazi yangu ilikuwepo kwa sababu tu hakuna aliyeizima mashine, jioni walikuwa wanazima skrini. Na tangazo lilikuwepo, limebandikwa mlangoni, ila mlango ukifunguliwa unageukia ukutani na tangazo linaelekea huko, sasa nani analisoma?

Bahati dodoso za karatasi nilikuwa nimezihifadhi chini ya kitanda hosteli. Usiku nne, rumeti wangu ananisomea mimi naandika: "Moja, tatu, tatu, mbili, hajajibu, nne." Mpaka leo akinipigia simu salamu yake ni "hajajibu".

Kwaiyo sikiliza vizuri. Kompyuta ya maktaba ni ya kufanyia kazi, kuhifadhi hapana. Fungua Google Drive, bure unapata GB 15, na kabla hujanyanyuka kwenye kiti pandisha faili, kisha lifungue kwenye simu uone limefika kweli, usiamini tu kale kaduara kanakozunguka. Nakala nyingine itume kwa imeili yako. Nyingine flashi, ambayo huichomeki steshenari, ya steshenari iwe flashi nyingine ya elfu kumi isiyo na kitu. Ukimaliza toka kwenye akaunti zako, nimeshakuta imeili ya mtu iko wazi na matokeo yake nikayaona bila kupenda.

Kazi ya kuprinti igeuze PDF kwanza, la sivyo steshenari majedwali yanahama na kurasa zinaongezeka. Usiprinti usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, siku hiyo wino unaishaga. Rejea ziweke kwenye Zotero, programu ya kuzitunza na kuzipanga, tangu ukurasa wa kwanza, ni bure. Turnitin, ile inayokagua kama umenakili kazi za watu, uliza mapema nani anakupitishia, mana mwishoni foleni inakuwa ndefu na supavaiza kasafiri. Kama huoni vizuri au una hitaji lolote kaseme mapema kwenye ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, NVDA inayosoma skrini kwa sauti ni ya bure ila mtu lazima akuwekee kabla, sio asubuhi ya mtihani. Pasiwedi usimpe CR, kiongozi wa darasa, hata kama mnaelewana. Ukienda chooni beba simu. Kikombe cha chai weka mbali na kibodi. Na chaja yako iandike jina kwa maka peni, pale mezani zote zinafanana.