Soketi na swichi karibu na sinki la bafuni, zikae wapi?

Kabla fundi hajatoboa ukuta, fungua bomba la sinki alafu nawa uso vile unavyonawaga asubuhi, bila kujibana, kisha angalia maji yamerukia wapi. Utakuta ukuta wa nyuma ya bomba umelowa na pembeni kuna matone. Hapo pote soketi haikai. Iweke pembeni ya sinki na juu kuliko ukingo wake, mi naachaga angalau sentimita 30 kutoka ukingoni na nafasi ikiwepo naongeza. Chini ya sinki usithubutu, zile paipu za maji machafu siku moja zitavuja tu.

Ila usiipeleke mbali sana pia, maana mtu akikosa pa kuchomeka draya ataleta ekstensheni na ekstensheni sakafuni bafuni ni balaa. Ndo maana Marekani sheria yao inataka soketi iwe ndani ya kama sentimita 90 kutoka ukingo wa sinki. Uingereza wao wanaangalia zaidi pa kuogea, soketi ya kawaida lazima iwe mita 2.5 kutoka mpaka wa eneo la beseni kubwa la kuogea au shawa (kabla ya 2022 ilikuwa mita 3), karibu zaidi ya hapo wanaruhusu ile ya mashine ya kunyolea tu yenye transfoma yake ndani. Kwa hiyo bafu likiwa dogo, pima kuanzia shawa kwanza, sinki baadae.

Sasa umbali peke yake hautoshi, na hapa ndo watu wengi wanabana hela pasipofaa. Breka ya kawaida ya ampea 16 inalinda waya usiungue, haikulindi wewe, umeme unaoweza kuua mtu ni mdogo sana breka hata haishtuki. Unahitaji RCD ya miliampea 30. Kazi yake inalinganisha umeme unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro, ukipungua maana yake kuna unakovujia, labda kwenye mwili wako, inakata hapohapo. Na erthi iwepo kweli, sio waya umekunjwa tu nyuma ya boksi haujafungwa popote, fungua uone.

Swichi ya taa, iweke nje ya mlango, basi. Ikishindikana tumia ya dari yenye kamba ya kuvuta, mkono ukiwa na maji unashika kamba tu. Soketi ya ndani chukua yenye mfuniko, IP44 (kiwango cha kuzuia maji ya kurukia) kwenda juu, lakini ujue ukishachomeka plagi mifuniko mingi inabaki wazi kwahiyo isikudanganye.

Siku ya kufunga zima meinswichi, hakikisha na testa, na kama hujui nyaya mwite fundi. Akimaliza, kabla hujamlipa, chomeka taa kwenye hiyo soketi ubonyeze kitufe cha T kwenye RCD. Taa isipozima, bado hajamaliza kazi.