Namna ya kupiga stori na wenzako wa emajensi mkishatoka zamu

Hii naandika kwa ajili ya manesi, madokta, madereva wa ambulensi na vijana wa kujitolea mnaoingia emajensi sasa hivi. Kazi yenyewe mtafundishwa, kufungua njia ya hewa mtafundishwa, kukandamiza kifua mtafundishwa, ila ile saa moja baada ya zamu mmekaa mnakunywa supu hakuna atakayewafundisha, na mimi naamini kabisa hiyo saa inachangia sana mtu kudumu kwenye fani hii au kuomba ahamishiwe kliniki ya nje kabla mwaka haujaisha. Tanzania bado tuko wachanga, idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, kwa hiyo desturi za kukaa na kuongea tunazijenga sisi wenyewe sasa hivi na tukizijenga vibaya ndo wadogo zetu watazirithi hivyo hivyo.

Kwanza kabisa chagueni mahali. Banda la mama ntilie lililoko getini kwa hospitali halifai, na sababu ni rahisi tu, ndugu wa wagonjwa nao wanakula pale pale. Fikiria mama kajitanda kanga, kashika chupa ya chai, anasubiri saa ya kuona wagonjwa, halafu benchi la nyuma yake kuna vijana wawili wenye kroksi wanaongelea "yule wa bodaboda mguu ulivyokuwa", na yule wa bodaboda ni mwanae. Tembeeni mtaa mmoja mbele. Kwenye daladala usifungue mdomo kabisa hata kama hutaji jina, maana ukitaja saa, barabara na rangi ya pikipiki tayari umeshamtaja mtu. Na picha za majeruhi zisitoke kwenye simu ya mtu kwenda grupu la WhatsApp, hata grupu la zamu yenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023 na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, ila hata kama sheria isingekuwepo, mgonjwa aliyechaniwa nguo mbele yenu hakukubali kupigwa picha.

Mkishakaa, kuleni kwanza. Mtu aliyekesha usiku kucha hajanywa hata maji, mikono inamtetemeka, ukimwanzishia stori ya kifo cha saa kumi alfajiri unamuumiza bure. Acha ipite supu, ipite chapati, watu waongelee Simba na Yanga, kodi ya nyumba, nani kapokea kikoba, mtoto wa nani kaanza la kwanza. Usidharau hizi stori ukaona ni za kupoteza muda, zenyewe ndo zinaushusha mwili kutoka kwenye mbio, na mara nyingi stori nzito inakuja yenyewe katikati ya ubishi wa penalti, mtu anasema tu "aisee yule mtoto wa saa tano..." halafu ananyamaza. Hapo ndo mnyamaze na nyie, msimkatishe kwa kusimulia ya kwenu iliyo kubwa zaidi.

Sasa kwenye kuuliza ndo wengi tunaharibu. Usimlazimishe mtu kusimulia alichokiona mwanzo mpaka mwisho eti ili "atoe vya moyoni". Zamani ilionekana ni njia nzuri kuwakusanya watu muda mfupi baada ya tukio na kuwataka waeleze kila kitu, ila Shirika la Afya Duniani linashauri tusifanye hivyo, badala yake linapendekeza huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mwongozo wake wa 2011 umejengwa kwenye mambo matatu, kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Yaani tazama nani hayuko sawa, msikilize kama anataka kuongea, muunganishe na msaada kama anauhitaji. Kuchokonoa hakumo. Kwa hiyo uliza mambo ya kazi, mepesi ya kujibika: mlifika dakika ngapi, dripu ilikubali mkono gani, nani alikuwa upande wa kichwa cha mgonjwa. Mtu akijibu hayo anaipanga kumbukumbu yake taratibu, akitaka kwenda ndani zaidi ataenda mwenyewe, asipotaka mnarudi kwenye mpira.

Yule aliyekaa kimya mwangalie kwa mikono yake. Kuna dogo anachanachana chapati vipande vidogo vidogo mpaka sahani imejaa na hajaweka hata kimoja mdomoni. Usimwambie mbele ya meza "mbona umenyamaza", hilo swali linamfanya kila mtu amgeukie yeye na atasema "niko poa" na mlango umefungwa. Mwongezee chai, msogelee, mkiondoka tembea naye mpaka kituoni. Njiani mkiwa wawili ataongea, au hataongea, lakini ameona kuna mtu amemuona.

Halafu kuna madereva, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hawa tunawasahau sana. Dereva wa ambulensi anasikia kila kitu kutoka nyuma, anasikia mama analia, anasikia mnahesabu mkikandamiza kifua, anasikia hesabu imekatika, lakini haoni, macho yake yako kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Akifika mnashusha machela mbio mnaingia ndani, yeye anabaki nje na jiki na ndoo anasafisha damu, halafu simu inaita anaondoka tena. Hajui yule mtu alipona au alikufa. Mkikaa kwenye stori mwiteni na yeye, na kwa kuwa alikuwa sehemu ya timu mwambieni kwa kifupi ilivyoisha, "mzee, yule uliyemleta kapelekwa theatre, anapumua mwenyewe". Nimeona uso wa mzee mmoja ukibadilika kwa sentensi moja kama hiyo. Na ikiwa alifariki mwambieni pia, kwa heshima, msimwache akisie. Hivyo hivyo kwa madereva wa jamii wa mpango wa m-mama, wale wanaopigiwa na kituo cha simu cha 115 kuwakimbiza wajawazito na watoto wachanga kutoka vijijini, wengine wana teksi zao tu na hawana kijiwe cha watu wa afya cha kukaa. Ukikutana naye anasubiri nje mpe pole na umuulize barabara ilikuwaje.

Utani je? Utani uwepo, sisi tumekulia kwenye jamii ambazo watani wanakuja msibani na kumchekesha mfiwa mbele ya kaburi na hakuna anayekasirika. Ila mtani huyo huyo ndo kachimba kaburi na kubeba maji, na anamjua mfiwa. Basi chekeni umeme uliokatika mkiwa katikati ya kushona, chekeni dokta aliyevaa viatu tofauti, chekeni mlinzi aliyewazuia getini na king'ora kinalia. Marehemu na mwili wake mwacheni, umaskini wa ndugu zake uacheni, na mtu wa mezani akisema hilo limezidi basi limezidi, hakuna kura.

Makosa ya kazini nayo yasiletwe kwenye supu. Kama unaona tyubu ya kupumulia ilichelewa kuwekwa, hilo ni la kikao cha idara, au la kumwita mwenzako pembeni kesho akishapata usingizi. Ukilisema mezani mbele ya wote, mtu atalibeba mpaka nyumbani na kesho hatakuja kukaa nanyi, na mtu asiyekuja kukaa ndo wa kuwa na wasiwasi naye.

Kesi za watoto zipeni nafasi yake. Wenye watoto wa umri ule ule zinawapiga vibaya zaidi na saa nyingine hawajui kwanini wamekasirika siku nzima. Usikimbilie kusema "ni mapenzi ya Mungu", hata kama wote mnaamini hivyo, anza na "pole, ile ilikuwa kazi nzito, na ulifanya kila kilichowezekana" kama kweli alifanya.

Nje ya meza kuna watu wanaotaka stori kwa nguvu. Jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024 kila aliyefanya kazi ya uokoaji au hospitali aliulizwa kwenye harusi na kwenye vikao vya ukoo, "eti ulionaje huko ndani?" Na kabla ya hapo ilikuwa lori la mafuta lililolipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Si lazima ujibu. Sema "ilikuwa kazi kubwa, watu walisaidiana sana" halafu ukitaka wape kitu cha kuwafaa, kwamba lori la mafuta likianguka unakimbia mbali nalo, hata dumu usichukue. Kwa mume au mke wako mweleze unavyojisikia bila kumwekea picha zote kichwani, na wala sio wakati wa kula watoto wakiwepo.

Mtu akipita mwezi bado halali, anaota tukio lile lile, anakwepa barabara fulani au ameanza kunywa peke yake asubuhi akitoka zamu, hapo meza haitoshi tena. Mwende pamoja kwa mtu wa ustawi wa jamii au kliniki ya afya ya akili, msindikize mpaka mlangoni, usimpe namba ya simu tu.

Na baada ya usiku mbaya msikae zaidi ya saa moja, usingizi ndo dawa ya kwanza, na anayeendesha pikipiki akiwa anasinzia asiachwe aondoke, apandishwe bajaji na pikipiki ilale pale. Jioni yake mtu mmoja atume meseji kwa kila aliyekuwepo, fupi tu, "umelala? umekula?", na ambaye hajajibu mpaka saa mbili usiku apigiwe.