Somo: Pikipiki inazima ukiachia resi, sailensi haikai

Habari zenu wakuu. Hili somo niliahidi tangu mwezi uliopita nikawa nachelewa kwa ajili ya kazi. Leo tulimalize.

Nazungumzia pikipiki za kabureta, pistoni moja, cc 125 mpaka 150, zile tunazopandia bodaboda kila siku. Nyingi za Kichina zilizopo mtaani zina injini ya ukoo wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, kwa hiyo ukiijua moja umezijua karibu zote. Boxer na TVS hedi yake (kichwa cha injini) ni tofauti, ila habari ya kabureta, plagi na hewa ni ileile.

Kwanza niseme kitu kinachonikera. Pikipiki ikianza kuzima kwenye mataa, mafundi wengi tunakimbilia skrubu ya sailensi (sailensi ni mwendo wa injini ukiwa umeachia resi). Tunaipandisha, injini inalia juu, mteja analipa, anaondoka. Baada ya siku tatu anarudi: sasa inakula mafuta, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, na ikipata moto inazima vilevile. Ile skrubu inapandisha tu sailensi, ugonjwa unabaki palepale.

Kabla hujashika bisibisi: inazima lini?

Muulize mwenye pikipiki, au jiulize mwenyewe. Inazima asubuhi ikiwa ya baridi halafu ikipata moto inatulia? Hapo mafuta hayatoshi kwenye njia ya sailensi, mara nyingi ni jeti ndogo. Asubuhi iko safi lakini ikitembea nusu saa inazima na kiki inakuwa nyepesi? Nenda moja kwa moja kwenye tapeti, yaani nafasi ya valvu, hatua ya tano. Inazima ukiwa kwenye gia tu, ukiweka nyutro inatulia? Hiyo ni klachi, kabureta iache. Inakohoa, inazima, ukifungua mfuniko wa tenki inawaka? Kitundu cha hewa cha mfuniko kimeziba, mafuta hayashuki. Hilo la mwisho linatibiwa kwa pini na dakika mbili, lakini nimeona mtu kauziwa kabureta mpya kwa ajili yake.

Hatua ya 1: vitu vya bure

Angalia choki imerudi kabisa. Angalia koki ya mafuta iko wazi na chujio lake si tope. Washa pikipiki, kata usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mlio ukibadilika, waya wa resi umebana au umepitishwa vibaya, na hapo sailensi utaiseti mpaka jua lizame. Fungua chujio la hewa. Kama limelowa oili au limejaa vumbi mpaka limekuwa kama mkeka, safisha au badilisha. Wale mliolitoa kabisa ili "injini ipumue", lirudisheni. Kabureta ilipimiwa likiwa ndani.

Hatua ya 2: plagi

Toa plagi uitazame. Nyeusi ya masizi makavu: mafuta ni mengi kuliko hewa. Nyeusi ya kung'aa na yenye utelezi: inapitisha oili, ringi au sili za valvu zimechoka. Nyeupe kama chaki: mafuta ni machache, au kuna hewa inaingia pasipotakiwa. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ndiyo tunayoitaka. Nafasi ya plagi iwe 0.6 mpaka 0.7 mm. Angalia na kofia yake ya waya, ikiwa imelegea au ina ufa cheche inapungua, na kwenye sailensi ndipo injini inapoonyesha unyonge wake.

Hatua ya 3: hewa ya wizi

Kati ya kabureta na hedi kuna kile kipande, wengine tunaita manifoldi, na oringi yake. Mpira ukipasuka au nati zikilegea, hewa inaingia bila kupitia kabureta. Ukivuta resi hutaona shida, ila kwenye sailensi hewa hiyo kidogo inatosha kuharibu mchanganyiko wote. Chukua chupa ya kupulizia maji, ile ya saluni. Injini ikiwa inaunguruma, pulizia kidogo kwenye maungio. Mlio ukibadilika hata kidogo, umeshampata mwizi. Kuna wanaopulizia petroli. Injini ya moto iko hapohapo, sina la kuongeza.

Hatua ya 4: jeti ndogo

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia. Kabureta ina jeti mbili: kubwa ya mwendo, na ndogo, pailoti, ambayo ndiyo inayolisha injini ukiwa umeachia resi. Tundu la hiyo ndogo halifiki hata nusu milimeta. Chembe moja ya kutu ya tenki, au petroli ya chupa iliyokaa na uchafu, inatosha.

Funga koki. Fungulia skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga mafuta kwenye kopo jeupe. Kopo jeupe lina maana yake: matone ya maji utayaona yamekaa chini kama shanga, na kutu utaiona. Ukikuta maji, tenki nalo lioshwe, la sivyo utarudia kazi wiki ijayo.

Shusha kabureta, fungua bakuli. Jeti ndogo imezama kwenye shimo lake pembeni ya kubwa. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake, maana jeti ni ya shaba laini na ukiiparura kichwa hutaitoa tena. Inyanyue uelekeze kwenye mwanga: uone nukta ya duara, safi. Ukiona mwezi mchanga, imeziba nusu. Zibua kwa mshipi mwembamba wa kuvulia samaki au uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Usitumie uzi wa waya wa breki. Ule ni chuma, utapanua tundu na pikipiki itakunywa mafuta mpaka uiuze.

Kisha skrubu ya mchanganyiko. Kabla ya kuitoa, ifunge taratibu ukihesabu mizunguko mpaka iguse, andika hiyo hesabu kiganjani. Ndipo uitoe, na springi yake, na kioringi chake kidogo ambacho kinapenda kubaki shimoni. Puliza njia zote kwa upepo wa kompresa, hata pampu ya mpira ikikosekana kompresa. Rudisha skrubu kwenye hesabu yako. Kama hesabu imekupotea, anza na mzunguko mmoja na nusu.

Hatua ya 5: tapeti

Nikiri kosa langu. Kuna pikipiki moja niliifungua kabureta mara tatu hapa kijiweni Msamvu, Morogoro. Mara tatu! Jeti safi, manifoldi mpya, plagi mpya. Asubuhi inawaka vizuri, mwenyewe anapeleka abiria Kihonda, akifika inazima, anapiga kiki mguu unashuka kama hakuna kitu. Mara ya nne ndipo nikafungua kofia ya hedi. Valvu ya kutolea moshi haikuwa na nafasi hata kidogo. Chuma kikipata moto kinarefuka, valvu inakosa kufunga vizuri, kompresheni inatoroka. Ukivuta resi injini inajikaza, ukiachia inakata roho. Kazi ilikuwa ya dakika ishirini, na mimi nilikuwa nimeshamla mteja hela mara tatu. Mbili nilimrudishia.

Fanya hivi, injini ikiwa ya baridi kabisa, imelala usiku. Toa plagi. Fungua kofia ya hedi, na vile vifuniko viwili vya duara upande wa kushoto wa injini. Ingiza gia ya mwisho, kisha zungusha tairi la nyuma kwenda mbele polepole kwa mkono, ukichungulia kwenye kidirisha mpaka alama ya T ikae mbele ya alama yake. Shika roka zote mbili (vile vikono vinavyosukuma valvu) uzitikise. Zikicheza zote, uko sawa. Moja ikiwa imekaza, zungusha injini mzunguko mmoja kamili, T irudi tena, ujaribu upya. Kama hata hapo bado imekaza, rudi kwenye T ile ambayo roka nyingine inacheza: iliyokaza hapo ndiyo hiyo valvu isiyo na nafasi.

Kwa ukoo wa CG nafasi ni 0.08 mm, kuingiza na kutolea. Pitisha kibati cha geji: kipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavuta karatasi chini ya kitabu. Legeza nati, rekebisha, kaza nati ukiwa umeshikilia skrubu isizunguke, halafu pima tena, kwa sababu kukaza kunahamisha kipimo. Kwa Boxer na nyingine, fuata kipimo cha kitabu chake, usikopi hiki.

Hatua ya 6: sasa gusa sailensi

Itembeze dakika kumi ipate moto. Pandisha skrubu ya sailensi kidogo, zungusha ya mchanganyiko robo kwa robo mpaka mlio uwe wa juu kuliko pande zote mbili, kisha shusha sailensi. Nyingi za hizi zinakaa kwenye mizunguko 1,300 mpaka 1,500 kwa dakika. Kama geji ya mizunguko haifanyi kazi (na ni nani ambaye yake inafanya?), sikiliza: iwe inaunguruma bila kusita, na ukipiga resi ukaachia ghafla irudi bila kudumbukia.

Maswali ya wanachama

Mdau wa Kahama: Shikamoo fundi. Yangu nikivuta choki nusu inatulia kabisa, nikirudisha inazima. Naendesha hivyo hivyo mwezi wa pili.

Marahaba. Choki inakuficha ugonjwa. Kutulia kwake maana yake mafuta ni machache, kwa hiyo hatua ya 3 na ya 4 ndizo zako. Mwezi wa pili hivyo, plagi itakuwa nyeusi, ibadilishe pia.

Mwanachama: Skrubu ya mchanganyiko, kufunga kunaongeza mafuta au kunapunguza? Kila fundi ananiambia lake.

Na wote wanaweza kuwa sahihi. Ikiwa imekaa upande wa chujio la hewa, inapima hewa: kufunga kunaongeza mafuta. Ikiwa upande wa injini, inapima mchanganyiko: kufunga kunapunguza. Angalia imekaa wapi.

Mdau wa Njombe: Niliinunua Dar ikiwa safi. Huku juu inatoa moshi mweusi na sailensi inayumba.

Hewa ya huko ni nyepesi kaka, mafuta yaleyale yanakuwa mengi. Anza kwa kurekebisha skrubu ya mchanganyiko kupunguza mafuta. Isipotosha, jeti ndogo ya namba ya chini. Ukishuka nayo Dar, irudishe.

Fundi mwenzetu: Tapeti 0.08 itapiga kelele, wateja hawapendi. Mimi nabana mpaka zinyamaze.

Ndiyo hizo zinazokuja kwangu kaka. Kelele ndogo kama cherehani mweleze mteja ni ya kawaida. Ukibana mpaka zinyamaze, valvu ya moshi itaungua, na kubadilisha valvu utamweleza nini?

Mwanachama: Inazima baada ya kuoshwa tu, ikikauka inapona.

Kofia ya plagi. Inapitisha maji. Usiku izime taa zote, washa injini, nyunyizia maji kidogo utaona cheche zinaruka nje. Badilisha kofia.

Mdau wa Mombasa: Yangu haina carburettor, ni ya injection. Nifanye nini?

Somo hili halikuhusu sana ndugu yangu, ila tapeti, plagi na hewa ya wizi zinakuhusu. Safisha koo la kuingizia hewa pale kwenye kipepeo (kile kibati kinachofunguka ukivuta resi), masizi hujikusanya. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, tafuta mwenye mashine ya kusoma kabla hujafungua chochote.

Mwanachama: Klachi umeitaja ukaipita. Yangu inazima nikiwa gia ya kwanza tu, nimeshika klachi.

Kweli niliipita. Nyanyua tairi la nyuma, washa, ingiza gia, shika klachi. Tairi likizunguka kwa nguvu, klachi haiachii. Rekebisha waya, mkono ucheze kama upana wa sarafu kabla ya kubana. Ikigoma, fungua, angalia pleti zimeshikana au oili ni nzito mno. Picha za kazi hiyo nitaziweka Jumamosi, kuna moja inakuja kijiweni ina tatizo hilohilo.