Kokoto chini ya nguzo ya banda
Unapojenga banda la kupumzikia shambani kwa nguzo za mikaratusi, tandika kwanza kokoto zenye unene wa sentimita 15 chini ya shimo, simamisha nguzo juu yake, kisha mwaga zege pembeni tu, na uso wake uupe mteremko wa kukimbiza maji mbali na mti. Zege likifunika kitako, maji yanayopenya katika ule ufa mwembamba baina yake na nguzo hukosa pa kutokea, na mti huoza usawa wa ardhi huku juu ukionekana mzima kabisa. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi njia hii haifai, kwa kuwa shimo hugeuka kisima. Huko ni heri nguzo ifungwe kwa chuma juu ya msingi wa zege ulioinuka. Mchwa hawazuiwi na kokoto, hivyo nunua nguzo zilizotiwa dawa.